Bega la Kulia, Jicho la Kushoto

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nimekimbia vita mara mbili, nimeishi kambini Tanzania hadi mwanangu akajua kusoma, nimeshuka ndege nchini humu wakati wa baridi nikiwa na ndala miguuni, na leo nina gari la kazi lenye jina langu ubavuni. Shule niliishia darasa la nne. Lakini nenda Sutton Coldfield, ingia katika nyumba zile kubwa za matajiri, inua macho: dari nyingi za huko zimepita mikononi mwangu, na zimenyooka kama maji ya bakuli. Kwa hiyo mkono ulipoanza kunikataa sikushangaa. Nilijua tu kwamba kuna mtu nyuma yake.

Nakuandikia wewe ambaye bega lako limeanza kukauka na hujui uanzie wapi. Mimi si daktari. Nitakueleza nilivyopita, pamoja na pale nilipojikwaa, ili wewe upite haraka zaidi.

Kupiga plasta ya dari si kazi ya mchezo. Mkono wa kushoto umebeba ubao wenye plasta, wa kulia umeshika mwiko, shingo imelala nyuma, na unafagia kutoka huku hadi kule kabla haijakauka. Mimi nilikuwa naanza dari na kuimaliza bila kushusha mkono. Majani ya miti yalikuwa yanaanza kudondoka siku ile mwiko ulipofika katikati ya dari ukakataa kwenda nje. Hayakuwa maumivu makali, maumivu ningepambana nayo. Kulikuwa na kitu kama jino bovu ndani kabisa ya bega, basi. Mkono wenyewe uligoma tu, kama kibarua aliyekaa chini na kusema mpaka alipwe. Plasta ikanimwagikia usoni.

Chini ya jukwaa alikuwepo Bahati. Huyu ni shemeki wangu, mdogo wa mke wangu wa tumbo moja. Nilimfundisha kazi mwenyewe.

"Shemeki, shuka nimalize," akasema.

Nikashuka. Akamaliza. Alimaliza vizuri, na hapo ndipo kidudu kilipoanza kunila. Mama mwenye nyumba alitazama juu, akamsifu, na aliponipigia simu kuhusu chumba cha pili akauliza kama yule kijana ataweza kuja. Yule kijana! Jina lililo kwenye gari ni la nani?

Wiki chache baadaye nilikuwa natoka kuoga, mke wangu akanisimamisha mlangoni.

"Papa Amani, geuka."

"Kuna nini?"

"Geuka kwanza, maswali baadaye." Akaniwekea vidole nyuma ya bega la kulia. Kisha akamwita binti yetu alete simu apige picha. Amani anaelewa Kiswahili chote, ila majibu yake ni ya Kiingereza tangu alipoanza shule hapa Castle Vale. Safari hii hakujibu kwa lugha yoyote. Alinipa tu simu nijione.

Upande wa kushoto nyama ilikuwa imejaa kama mkate. Upande wa kulia mfupa umesimama peke yake, na chini yake kuna shimo. Ungeweza kuweka yai likakaa.

Kwetu Kivu tunalo jina la kitu kinachokula mtu namna hiyo: karuho. Ni sumu ya kutiwa. Haikuui leo wala kesho. Inakukausha taratibu, kipande kwa kipande, na anayekutilia huwa ni mtu wa kwenye sahani yako. Sasa wewe fikiria. Nani alikuwa anakuja na chupa ya chai ya tangawizi kila asubuhi kazini na kunimiminia yeye mwenyewe? Bahati. Nani kazi yangu inamwangukia mikononi nikikauka? Bahati. Na pale kanisani mama mmoja wa maombi, baada ya kuniwekea mikono, aliniinamia sikioni: "Baba, chunga unayekula naye." Sikuhitaji mahakama.

Nikaanza kuimwaga ile chai nyuma ya gari. Mke wa Bahati alipotuletea sombe, majani ya muhogo, Jumapili, nikasubiri atoke nikaipeleka kwenye pipa. Mama Amani akanikuta na sufuria mkononi.

"Umemwaga sombe ya wifi yangu?"

"Nimeshiba."

"Wewe? Umeanza kushiba lini?"

Nikafunga pipa. Nilikuwa nimeshaanza kumtazama na yeye kwa shaka.

Daktari wa mtaa alinipa dakika zake chache. Alinikunja kiwiko, akashika kiganja changu, akaniambia nisukume kwenda nje. Kwa mkono wa kushoto nilimsogeza yeye na kiti chake. Wa kulia ulitetemeka ukarudi. Akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mpole mwenye chumba kilichojaa mipira, naye akanipa kamba ya mpira ya manjano niivute nikiwa nyumbani. Mimi, niliyekuwa napandisha mifuko ya plasta ghorofani miwili miwili, nikapewa kamba ya mpira! Nikaivuta hata hivyo. Nikaivuta mpaka barafu ikaanza kuganda kwenye kioo cha gari, na shimo likazidi kuchimbika.

Yule dada ndiye aliyesema wa kwanza kwamba nyama haikuwa na kosa. "Nyama inalala kwa sababu haipati amri. Nadhani neva imebanwa mahali."

"Imebanwa na nani?" nikamuuliza.

Akacheka, akidhani natania. Akaandika maombi nifanyiwe MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili, ambako eksirei huona mifupa tu. Nikafurahi, lakini si kwa sababu yake. Nilijisemea: vizuri, sasa sumu itaonekana, nami nitakuwa na picha ya kuwaonyesha watu.

Siku ya picha ilipofika Mama Amani alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na mimi mkono wa kubadilisha gia ulikuwa unanichosha. Akampanga mdogo wake anipeleke. Nilikataa. Akasema basi nitembee. Nikaenda na Bahati, njia nzima redio ndiyo iliyoongea.

Pale hospitali tulikaa kwenye viti vya plastiki vilivyoshikana, hivi ambavyo mmoja akitikisa goti wote mnatikisika. Akatoka mwanamke mwenye nguo za bluu, akaniita, akasimama nami karibu na mlango mzito wenye alama ya sumaku. Akaanza kuuliza. Una betri ya moyo? Hapana. Umewahi kuwekewa chuma kwenye mfupa? Hapana. Una risasi au kipande cha bomu mwilini? Hapana. Umewahi kufanya kazi ya kukata au kuchomelea chuma? Hapana. Umewahi kuingiwa na chuma jichoni?

Hapa nilisimama kidogo. Bega linauma, wewe jicho la nini?

Lazima nikueleze kitu ambacho aliyekulia nchi ya amani hawezi kukijua. Kabla ya kuletwa huku tulihojiwa mara nyingi, na kambini tulifundishana namna ya kuhojiwa. Anayekuhoji huuliza jambo moja kwa milango mitatu. Wewe jibu fupi. Hapana ibaki hapana. Ukimwambia jambo ambalo halimo kwenye faili lako, umemfungulia faili jipya, na ndege itaondoka bila wewe. Nimeona familia zikibaki kwa sababu baba alijisikia kueleza. Kwa hiyo mtu mwenye sare na kalamu akiniuliza, mdomo wangu hunitangulia.

"Hapana," nikasema.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Bahati, kwa Kiswahili, polepole: "Shemeki, jicho. Mwambie ya jicho."

"Nyamaza."

"Tulikuwa wote. Ya karakana. Mwambie."

Ni kweli kambini nilikuwa na karakana ndogo ya kuchomelea milango na madirisha. Siku moja nakata chuma kwa grenda, cheche ikaniingia jicho la kushoto, na Bahati akaniongoza kwa mkono mpaka zahanati, ambako nesi alichokonoa kwa sindano akasema imetoka. Lakini hayo ya zamani yalimhusu nini mwanamke huyu?

"Ukisema neno moja zaidi, kazi huna," nikamwambia.

Bahati akasimama, akazungumza na yule mwanamke moja kwa moja kwa Kiingereza, akamweleza yote. Mkono wa mwanamke ulikuwa tayari kwenye kitasa. Akautoa.

"Samahani," akaniambia, "leo hatuingii. Mpaka tupige eksirei ya macho."

Basi nikamtazama Bahati, na kila kitu kikakaa mahali pake. Alikuwa anaiogopa ile picha. Alijua itaonyesha nini.

Nilimwambia hayo kwenye maegesho ya magari, mbele ya watu.

"Unaogopa picha, eh?"

"Naogopa jicho lako, shemeki."

"Unaogopa waone ulichonitilia kwenye chai."

Alibaki ameshika mlango wa gari. Nilitegemea abishe, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliuliza tu, "Karuho? Mimi?" Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyepigwa tumboni. Akanikabidhi funguo za gari langu, akavuka barabara kwenda kituo cha basi. Yeye anaishi Ladywood, ghorofa za juu. Jumatatu hakuja kazini. Baadaye nikasikia kachukuliwa na kampuni ya Wapolandi.

Mama Amani alihamia chumba cha binti yetu. Chakula alikuwa anapika, maana si mtu wa kumnyima mtu chakula, lakini alikuwa anaonja kijiko kimoja mbele yangu kabla ya kunipa sahani. Kila siku. Hiyo iliniuma kuliko bega. Na kazi nazo zikaanza kuanguka, kwa kuwa dari sikuziweza tena na mtu wa kuzipiga nilikuwa nimemfukuza. Nikawa napiga kuta za chini, navuta mwiko kwa mwili mzima kama mtu anayecheza dansi vibaya.

Eksirei ya macho ilipigwa mwezi wa pili. Nilienda peke yangu, nikiwa na uhakika itatoka safi niwaaibishe wote. Daktari wa macho akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta fuvu langu, na karibu na tundu la jicho la kushoto alama nyeupe, ndogo kuliko ufuta. Chuma. Nesi wa kambini alitoa kipande kimoja. Kingine kilijizika ndani ya kope, na nyama ikafunga juu yake miaka yote hiyo.

"Ungeingia nacho kwenye mashine," akasema, "sumaku ingekivuta. Na uone jicho lilivyo karibu."

Niliangalia. Ulikuwa upana wa unywele.

Usidhani nilibadilika hapo hapo. Mimi si mtu wa kugeuzwa na picha moja. Nikiwa kwenye basi nilifikiri: sawa, jicho ameliokoa, lakini mwizi naye anaweza kukuokotea kofia. Ila usiku ule chakula hakikushuka vizuri.

Walinipaka dawa ya ganzi, wakafungua kope kidogo, wakakitoa. Jicho lilivimba kama la bondia, likapoa. Nikaitwa tena kwenye sumaku.

Safari hii nilikaa pembeni ya mzee mmoja Singasinga, kilemba cheupe, amekuja kupigwa picha ya goti. Alinisikia nikiongea na mke wangu kwenye simu, akageuka na Kiswahili cha Kisumu kilichonyooka kunishinda.

"Pole bwana. Bega?"

"Bega, mzee."

Akatoa peremende mfukoni akanipa. Nikasitasita, mkono ukaganda hewani. Yeye akaifungua, akaimega kwa meno, nusu akala na nusu akaniwekea kiganjani. "Kula, si sumu," akasema, akacheka mpaka ndevu zikatikisika. Alisema kwa mzaha tu, hakujua anaongea na nani. Nikaila. Ilikuwa ya tangawizi, na sijui kwa nini macho yalinilowa. Nikasingizia lile kope.

Kuhusu mashine yenyewe, nikuondolee hofu. Unalala kwenye kitanda chembamba, bega limefungwa ndani ya kitu kama nusu ya pipa, unaingizwa kwenye bomba. Kelele yake ni ya karakana: inagonga, inasaga, inanyamaza, inaanza upya. Wanakupa mpira wa kubana ukitaka msaada. Mimi niliubana mara moja, wakaja mbio wakidhani nazimia. Niliwauliza nani mwingine yuko chumba kile cha kioo pamoja nao. Wakasema wako wawili tu. Nikawaambia waendelee. Ukishakubali kutotikisika, unabaki na kichwa chako peke yake, na kichwa changu kilikuwa na maegesho ya magari na mtu aliyeshika mlango.

Majibu alinipa daktari mpasuaji, mwanamke mfupi wa haraka. Mama Amani alikuja pia, akakaa kiti cha mbali. Daktari akageuza kompyuta. Nyuma ya bega, pale mfupa unapojikunja, palikuwa na kifuko cheupe cha maji kama zabibu, na neva inapita chini yake, imebanwa kwenye mfupa. Nyama yote inayotegemea neva hiyo ilikuwa imekonda na kugeuka rangi.

"Hiyo zabibu ni sumu?" nikauliza.

"Sumu? Hapana. Ni maji tu, yamevuja kutoka kwenye kiungo."

"Nani kayaweka?"

Akanitazama vizuri. "Unafanya kazi gani?"

"Dari. Miaka mingi. Hakuna anayenifikia."

"Basi ni wewe mwenyewe," akasema. "Kiungo kimechanika kidogo kwa kuinua mkono, maji yakapata njia."

Nikamwomba apime na damu, atafute sumu yoyote anayoijua. Alikunja uso, lakini akaagiza vipimo vya kawaida vya damu, na vikatoka safi. Nilipouliza mkono utarudi, hakunidanganya. Neva ikikandamizwa muda mrefu nyama husahau. Ningekuja mapema ningepata zaidi. Nilisikia kiti cha Mama Amani kikilia. Sikugeuka.

Walinipasua maua ya manjano yalipokuwa yamejaa kwenye nyasi za kando ya barabara. Vitundu vidogo tu, kifuko kikakamuliwa, neva ikaachiwa nafasi. Niliamka mkono umefungwa kifuani kama mtoto mgongoni. Sasa hapa ndipo ugonjwa unakushusha. Nilifungwa vifungo vya shati. Nilikatiwa nyama. Chooni nilijifunza kutumia mkono wa kushoto nikiwa mtu mzima mwenye jina kwenye gari. Mama Amani alikuwa ananiosha mgongo, na siku moja mkono wake ukatulia juu ya lile shimo.

"Bahati anauliza habari zako," akasema. "Kila siku anauliza."

"Mwambie niko."

"Mwambie wewe."

Sikuweza. Nimeongea na maofisa wa serikali tatu bila kutetemeka, lakini simu ya Bahati ilinishinda. Mwisho mke wangu alimpigia mama yao Uvira, akaweka simu mezani kwa sauti ya wote kusikia.

"Mkwe," mama mkwe akasema, "mwanangu ulimwita nani?"

"Mama, nilikuwa mgonjwa."

"Bega ndilo lililokuwa gonjwa. Mdomo ulikuwa mzima."

Amani alitoka nje ya chumba akishika mdomo asicheke. Mama mkwe akatoa hukumu pale pale, kama inavyofanywa kwetu mtu akimbandika ndugu wa mke jina la mchawi: mbuzi mzima, si nusu, kitenge chake yeye mama, kizito, si cha kufifia, vinywaji vya watu wote, na mimi nile kwanza kutoka mkononi mwa Bahati, watu wakiona.

Tukakusanyika kwa Bahati kule Ladywood Jumamosi ya jua kali, madirisha wazi. Mkono ulikuwa umeshatoka kwenye kitambaa na naweza kuusogeza nje kiasi cha kufungua mlango. Bahati alikata tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi wa mbuzi, akaliinua.

"Kula, shemeki," akasema. "Karuho imeniishia, leo kuna chumvi tu."

Nikala. Nikamwambia ahsante ya jicho, na kwamba maneno ya maegesho nimeyameza pamoja na tonge. Hakunipa mkono upesi. Alinipa tonge la pili, kubwa zaidi, mpaka nikakosa pumzi na watu wakacheka. Wapolandi aliwaaga mwisho wa mwezi. Sasa yeye anapiga dari, mimi napiga kuta, na gari limeandikwa majina mawili. Shimo limejaa nusu. Nusu nyingine daktari anasema tusiitegemee.

Kwa hiyo wewe mwenye bega linalokauka: mwambie mtu akutazame mgongo, na ukiulizwa kuhusu chuma, sema, hata kama unaona swali halihusiani. Watu huniuliza ugonjwa huu ulinigharimu kiasi gani, wakidhani nililipia ile mashine. Hospitali haikunidai kitu. Nilicholipa ni mbuzi kutoka bucha ya Wasomali, kitenge, soda, na ada ya kumtumia mama mkwe mzigo wake, na sikuomba kupunguziwa popote: pauni mia nne thelathini na saba na peni hamsini.